Nyuso 12 kabla ya magharibi

Maharusi nimewapamba miaka tisa hapa Malindi, lakini siku niliyoitwa kwenye onyesho la mavazi, hotelini ufuoni, mikono ilinitetemeka. Bibi harusi hukaa mbele yako saa mbili nzima. Mwanamitindo utampata dakika 25, tena msusi yuko kisogoni kwake na mshonaji anamwita akajaribu gauni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na saa. Mimi nilimkalisha mpwa wangu kwenye kigoda barazani, simu ikihesabu. Siku ya kwanza nilimaliza kwa dakika 52, na nyingi zilipotea nikichakura begi. Sasa kila kundi lina mfuko wake unaoonyesha ndani: ngozi, macho, midomo, usafi. Wanja naushika hata umeme ukikatika.

Usafi ndio nitakaokushikilia zaidi. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalizagaa Pwani, na brashi moja ikipita kwa wasichana 12 yaweza kuwaambukiza wote kwa alasiri moja. Rangi ya mdomo ikwangue kwa kijiko kidogo cha chuma, iweke kwenye kisahani, ndipo uipake. Usimgusishe mtu kijiti chenyewe. Maskara itumie kwa vibrashi vya kutupa, na kilichokwisha gusa kope kisirudi kichupani. Nunua spiriti ya asilimia 70 duka la dawa. Wengi hudhani ya 95 ni bora kwa kuwa ni kali, kumbe huruka upesi kabla haijaua vijidudu. Nyunyizia brashi, ifute kwenye karatasi mpaka isiache rangi, kisha uingoje ikauke kabisa; spiriti mbichi jichoni ni moto. Seti tatu za brashi za macho zitakuokoa hapo. Kila anayekaa muulize kama kuna kinachomwasha, hasa gundi ya kope. Mwenye jicho jekundu usimguse, hata mbunifu akinuna.

Fondesheni beba rangi sita na ujue kuzichanganya. Ijaribu kwenye taya, umtoe msichana nje kwenye mwanga wa jua, usubiri dakika kumi, kwani nyingine huzidi weusi zikikauka. Halafu mpige picha kwa flashi. Hili nililijua kwa uchungu: nilitumia poda yenye kinga ya jua, kioo kikanisifu, na kwenye picha wasichana watatu wakatoka weupe kama waliomwagiwa unga. Zinki na titani zilizomo hurudisha mwanga wa kamera. Niliumia kwa ajili yao kuliko kwa ajili ya jina langu.

Miezi ya kaskazi joto letu halina huruma. Paka tabaka jembamba, na jasho likitoka lidonoe kwanza kwa tishu. Poda juu ya unyevu huganda kama chokaa.

Mkuu wa wapambaji atapamba uso mmoja nanyi muuige. Upige picha mbele, ubavuni, na macho yakiwa yamefumbwa, maana rangi ya kope huonekana hapo. Nyusi zako za harusi ziache nyumbani hata kama unazipenda. Wasichana wanapaswa kutoka kama wa nyumba moja. Malipo na usafiri wa usiku vipatane mapema, kwa maandishi.

Kabla hawajavaa, wafunike uso kwa mtandio mwepesi ili fondesheni isishike kwenye shingo ya gauni, na rangi ya mdomo iwe ya mwisho. Kisha simama karibu na pazia, mfuko kiunoni: tishu, poda, kisahani chako cha rangi, mirija ya kunywea maji. Anayepita mtazame meno kwanza. Rangi hupenda kukaa pale, na yeye mwenyewe hawezi kuiona.