SOMO: Laptop inawaka taa ila skrini nyeusi, jinsi ya kujua kama kweli ni BIOS na jinsi ya kuirudisha

Wakuu habari za muda. Inaniuma sana kuona mtu anauza laptop nzima kwa bei ya spea kisa kaambiwa "BIOS imekufa", wakati BIOS ni programu tu ya kuiamsha mashine, iliyoandikwa ndani ya kachipu kadogo ka miguu minane, na ikiharibika inaandikwa upya. Ila kabla hujaandika chochote ujue kwanza kama tatizo ni hilo kweli, na kabla hujafuta uwe na kopi ya kilichomo. Hapo kwenye kopi ndo mashine nyingi zilizokuwa za kupona zinauliwa kabisa, kwa hiyo nitakaa sana hapo.

HATUA YA 1: hakikisha ni BIOS

Kama logo ya kampuni inatokea, au ukibonyeza F2, F10 au Del unaingia kwenye seting, basi BIOS yako ni nzima, acha kuisingizia. Ule ujumbe wa "No bootable device" unamaanisha BIOS imeamka vizuri ila imetafuta diski haijaiona au haijakuta cha kuwasha ndani yake. Angalia kwanza kama diski inasomeka humo kwenye seting, alafu angalia na mfumo wa kuwasha, maana Windows iliyowekwa kwenye diski ya GPT inataka UEFI na ya MBR inataka Legacy (GPT na MBR ni namna mbili za kupanga diski), mtu akibadili hiyo bila kujua mashine inagoma na wala hakuna kilichoharibika.

Tunayoizungumzia hapa ni ile inayowasha taa, feni labda inazunguka, skrini nyeusi tupu, au inajizima na kujiwasha yenyewe bila kufika popote.

HATUA YA 2: umeme na ramu kwanza

Chomoa chaja, chomoa betri (zile za ndani fungua mfuniko uchomoe plagi yake), bonyeza batani ya kuwashia uishikilie kama sekunde 30, alafu rudisha chaja peke yake ujaribu. Ikigoma toa ramu zote, safisha meno yake, weka moja tu kwenye sloti moja, ikigoma hamisha sloti, ikigoma weka ile nyingine. Usiruke hii, maana ramu mbovu na BIOS mbovu kwa macho zinafanana kabisa.

Betri ya saa nayo, ile ya duara CR2032 ya volti 3, ipime kwa mita, ikiwa imeshuka chini ya 2.8 weka mpya. Na ukishaitoa na kuirudisha usiwe na haraka, mashine nyingi za sasa zikipoteza kumbukumbu ya seting zinaanza kuipima ramu upya na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, sasa wewe ukiona kimya unazima, unawasha, unazima, hutafika. Iache.

HATUA YA 3: soma taa

Mashine inasema inaumwa nini. Kwenye HP nyingi angalia taa ya Caps Lock, ikipiga mara 2 inapumzika alafu mara 2 tena ni BIOS, ikipiga mara 3 ni ramu. Matoleo mapya yanachanganya mimweko mirefu na mifupi, kwa hiyo tafuta jedwali la modeli yako. Kwenye Dell nyingi taa ya betri inapiga chungwa na nyeupe: chungwa 2 nyeupe 2 ni BIOS, 2 na 3 au 2 na 4 ni ramu, 2 na 1 ni prosesa. Ukiona 3 na 3 inatafuta faili la kujiponyea haijalipata, 3 na 4 imelipata ila halifai.

HATUA YA 4: iponye bila kufungua

Watengenezaji waliweka njia ya dharura. Kwa HP, ikiwa imezimwa na chaja imechomekwa, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza batani ya kuwashia sekunde 2 hadi 3 uiachie, ila Windows na B endelea kuvishikilia mpaka usikie mlio au uone skrini ya BIOS. Kama diski haina kopi ya BIOS, chukua mashine nyingine ya Windows, pakua BIOS ya modeli yako kwenye tovuti ya HP, ukiifungua hilo faili linakupa chaguo la kutengeneza flashi ya kuponyea, chomeka hiyo flashi urudie.

Kwa Dell za kuanzia mwisho wa 2015 hivi, fomati flashi iwe FAT32, weka faili la BIOS ulilopakua ulibadili jina liwe BIOS_IMG.rcv, chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, ukiwa umeshikilia chomeka chaja, achia skrini ya kuponya ikitokea. Desktop nyingi za kuunga mwenyewe zina batani nyuma ya mazabodi, inasoma flashi hata bila prosesa, ila jina la faili liwe lile bodi inalolitaka, mfano MSI inataka MSI.ROM na Gigabyte inataka GIGABYTE.bin.

Modeli iwe ILEILE. Sio "inafanana", soma namba iliyoko chini ya mashine au kwenye bodi yenyewe.

HATUA YA 5: kuandika chipu kwa programa

Hapa ndo pa mafundi. Programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu kupitia USB) ni CH341A, na klipu ya miguu minane. Toa chaja, toa betri kubwa, toa na betri ya saa. Tafuta chipu, mara nyingi imeandikwa 25Q64 au 25Q128 (ya kwanza ni MB 8, ya pili MB 16), ina kidoti kwenye mguu namba 1, waya mwekundu wa klipu ukae hapo.

Soma jina LOTE la chipu kabla hujachomeka. W25Q128JV ni ya volti 3.3, W25Q128JW ni ya volti 1.8, herufi moja tu hiyo. Kwa Macronix, MX25L ni 3.3 na MX25U ni 1.8. Ya 1.8 inataka adapta yake, ukiipa umeme wa juu unaichoma. Alafu zile CH341A nyeusi nyingi zinatoa volti 5 kwenye njia za data hata kama umeme mkuu ni 3.3, pima kabla hujaiamini.

Sasa kopi. Soma chipu, hifadhi kama kopi1, toa klipu, irudishe, soma tena hifadhi kopi2, alafu linganisha. Kama kuna tofauti hata baiti moja klipu haijashika, rudia mpaka kopi mbili zifanane. Ukiifungua ukakuta imejaa FF mwanzo mwisho ujue hujasoma kitu, au chipu ni tupu kweli. Ukubwa nao, MB 8 ni baiti 8,388,608 kamili, pungufu ya hapo sio kopi.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ndani ya hiyo chipu hakuna BIOS peke yake. Mna namba ya mashine, leseni ya Windows iliyokuja nayo, kwa nyingine anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao), na kwenye za Intel mna sehemu ya ME (Management Engine, programu ndogo ya Intel inayosimamia bodi) iliyosetiwa kwa bodi hiyohiyo. Ukifuta bila kopi umefuta vyote hivyo, na hakuna tovuti utakayovipakua. Hata kopi iliyoharibika itunze, kile kipande cha namba mara nyingi ni kizima na unakihamishia kwenye faili jipya. Ukishaandika fanya uhakiki, ukikubali ndo urudishe betri.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu Dell yangu inapiga chungwa 2 nyeupe 3, fundi anataka kuflashi (kuandika BIOS upya), nimwache?
Jibu: Hapana kaka, hiyo inasema haioni ramu. Mwambie ajaribu ramu nyingine kwanza, kwenye sloti zote.

Swali: Nimepakua BIOS ya modeli yangu kwenye tovuti ya kampuni, faili ni dogo kuliko chipu, programa inakataa.
Jibu: Ni sawa ikatae, na usilazimishe. Lile faili ni la kuapdetia, lina kichwa chake na mara nyingi limebeba sehemu ya BIOS tu. Inabidi uitoe hiyo sehemu uiingize ndani ya kopi yako mahali pake, faili lote liwe na ukubwa sawasawa na chipu.

Swali: Mi ni mwanafunzi, laptop imeapdeti BIOS yenyewe sasa inadai namba ndefu ya BitLocker, nimepoteza kila kitu?
Jibu: Pole mdogo wangu, bado. Fimwea (hiyo BIOS) imebadilika ndo maana BitLocker, kufuli la Windows, limeifunga diski. Ingia kwa simu kwenye akaunti ya Microsoft uliyoitumia kwenye hiyo laptop, tafuta funguo ya tarakimu 48. Usifomati kabla hujatafuta. Siku nyingine sitisha BitLocker kwanza ndo uapdeti.

Swali: BIOS inaweza kuharibiwa na OS (mfumo kama Windows au Ubuntu), au mpaka umeme ukatike katikati ya apdeti?
Jibu: Inaweza. Desemba 2017 Ubuntu 17.10 iliondolewa isipakuliwe kwa sababu draiva ya intel-spi ilikuwa inavuruga BIOS za baadhi ya Lenovo, seting zikawa hazihifadhiki na flashi haziwashi. Wakatoa 17.10.1 Januari 2018. Ila kwa huku kwetu umeme ndo unaongoza, hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa kabla hujaapdeti.

Swali: Desktop ya ofisini kila ikilala bila umeme tarehe inarudi nyuma na Windows inagoma na skrini ya bluu.
Jibu: Betri ya saa dada. Ikiisha seting zinarudi za kiwandani, na kama diski ilikuwa AHCI ikarudi RAID (namna mbili za bodi kuongea na diski), Windows inagoma hivyohivyo. Weka CR2032 mpya, irudishe AHCI kwenye seting, itawaka.

Swali: Nimeandika BIOS ya mashine nyingine ya modeli hiyohiyo, imewaka vizuri ila kila baada ya kama nusu saa inajizima.
Jibu: Hiyo ni ME mkuu. Umechukua ME ya bodi nyingine. Inatakiwa ME safi ya toleo lilelile, iunganishwe na BIOS kwa kutumia FIT ya Intel (programu ya kuunganisha faili la chipu). Kopi ya chipu yako ya mwanzo unayo? Kama unayo weka hapa jina kamili la chipu na namba ya bodi tuanzie hapo.