Namna ya Kuuingiza Utafiti wa Tiba katika Kazi ya Kila Siku ya Zahanati

Mganga mfawidhi anayetaka zahanati yake ifuate matokeo ya utafiti asianze na majarida. Aanze na vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma ambavyo kila kituo hujaza. Afungue rejesta ya wagonjwa wa nje ya miezi mitatu iliyopita na kutafuta ugonjwa unaojirudia ambao tiba yake hailingani na mwongozo wa Wizara ya Afya. Pengine ni mtoto mwenye homa aliyepewa dawa mseto ya malaria ingawa kipimo cha haraka kilionyesha hana malaria. Pengine ni mtoto anayeharisha aliyeandikiwa antibiotiki bila ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) wala vidonge vya zinki. Achague jambo moja tu. Zahanati yenye watumishi watatu, ambao hao hao huzalisha, huchanja na kutoa dawa, haiwezi kubeba mabadiliko matano kwa mpigo, na semina inayoyafundisha yote kwa siku mbili aghalabu huacha kumbukumbu ya posho tu.

Mkoa wa Mwanza una mfano wake wa kujifunzia. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, utafiti uliofanyika katika jamii 12 za vijijini ulipima kama kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya na zahanati kungepunguza maambukizi ya VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo. Tarakimu hiyo hutajwa sana, lakini lenye manufaa zaidi kwa mtumishi ni jinsi kazi ilivyofanyika: watumishi waliokuwapo walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa zinapatikana, wasimamizi walivitembelea vituo mara kwa mara, na wananchi walielimishwa kuja kutibiwa mapema. Anayechukua mafunzo peke yake akaacha dawa na usimamizi hawezi kudai kwamba anatekeleza utafiti ule.

Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, wilayani Rakai nchini Uganda, watafiti walitumia njia nyingine: waliwapa watu tiba ya magonjwa ya ngono majumbani kila baada ya miezi kumi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 hayakuonyesha kwamba VVU vilipungua. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Rakai VVU vilikuwa vimeenea zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuukubali utafiti wowote, watumishi waulizane waliochunguzwa ni akina nani, walipewa nini hasa, na kama wagonjwa wetu wanafanana nao.

Kuna pia utafiti ambao utekelezaji wake hauanzii zahanati. Ule wa vyandarua uliofanyika wilayani Misungwi na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye viuadudu viwili, klofenapiri pamoja na pairethroidi, viliwakinga watoto dhidi ya malaria zaidi kuliko vyenye pairethroidi pekee. Kuchagua aina ya chandarua ni kazi ya Wizara. Ya zahanati ni kuhakikisha kwamba mjamzito anayekuja kliniki anaondoka nacho.

Tuchukue zinki tuione kwa karibu. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mtoto anayeharisha apewe ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa na umri chini ya miezi sita. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika India na Tanzania, ulioonyesha kwamba dozi ndogo zaidi ilifanya kazi vilevile na watoto waliotapika walikuwa wachache kuliko kwa dozi ya miligramu 20. Mtumishi akiusoma asikate vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Dozi hubadilishwa na mwongozo wa Taifa, na mwenye swali alipeleke kwa mfamasia wa halmashauri.

Kinachoweza kubadilishwa leo ni maelezo anayopewa mama. Muuguzi asimuulize kama ameelewa, kwa maana atajibu ndiyo. Amuulize hivi: “Mama, akiacha kuharisha siku ya tatu, vidonge vitakavyobaki utavifanyaje?” Mama akijibu kwamba atavitunza mpaka mtoto aharishe tena, jibu hilo limeonyesha mahali pa kufundishia. Hapo aelezwe kwamba dozi kamili hupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata, kisha aonyeshwe kuyeyusha kidonge kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa yake, na kidonge cha kwanza mtoto akinywe palepale. Kwa mama aliyekuja kwa mtumbwi kutoka kisiwani, dakika hizo chache zina uzito, maana kurudi kuuliza kunamgharimu nauli na siku nzima ya kazi.

Mwisho wa mwezi, rejesta ihesabiwe: watoto wangapi walikuja wakiharisha, na wangapi kati yao waliandikiwa ORS na zinki zote mbili. Idadi hizo mbili ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, zisomwe katika kikao cha watumishi na kuonyeshwa kwa timu ya halmashauri inapokuja kukagua.

Uwiano usipopanda, leja ya dawa ikaguliwe kabla ya mtu yeyote kulaumiwa, kwa sababu zinki iliyoisha wiki mbili haiwezi kuandikwa na muuguzi hodari kuliko wote. Agizo la Bohari ya Dawa lipigiwe hesabu kwa idadi ya watoto halisi waliomo kwenye rejesta, na lisinakiliwe kutoka robo iliyopita. Ikiwa dawa ilikuwapo na bado haikuandikwa, mganga mfawidhi akae chumba cha matibabu asubuhi moja na kutazama kinachotokea. Pengine mwongozo umefungiwa kabatini, au mtumishi aliyefundishwa amehamishwa na aliyempokea hakuelekezwa. Hivyo maelekezo ya zinki yaandikwe kwenye kadi moja ikae juu ya meza, na mgeni aketi na mwenyeji wake wiki ya kwanza kabla ya kuachiwa chumba.