Toeni nyavu kwenye uzio, jua la Dodoma halina huruma

Mbukwenyi ndugu zangu wa Bahi, na nyie wa upande wa Mtera msijifanye haiwahusu. Kwenye kuvua siwafundishi kitu, wengine mmeanza kushika mkuki wa kambale kabla mimi sijazaliwa. Naandika kwa sababu ya kosa moja ambalo nalikuta kila mwaka, maji yakishaanza kukauka mtu anatoka na wavu wake, anaurusha juu ya uzio wa minyaa eti ukauke, halafu huyoo anaenda kwenye shughuli zake mpaka mvua za Desemba. Miezi mitatu minne wavu uko juani. Mvua ikija anautega, kambale mmoja wa maana anautoboa kama utando wa buibui, kisha lawama zote kwa mwenye duka kwamba nyavu za siku hizi feki.

Sio feki mzee, ni jua. Nailoni haiozi kwa maji kama pamba, inaliwa na mionzi ya jua taratibu na kwa macho huoni kitu, labda rangi tu inapauka. Si umeshaona kile kiroba cheupe kilichosahaulika shambani, ukikishika kinapukutika mkononi kama unga? Basi na wavu wako unaelekea huko huko. Mwaka jana mzee mmoja alinibishia sana hapo hapo kwenye uzio wake, nikamwambia shika uzi mmoja uvute, akauvuta kwa vidole viwili tu, tk, ukakatika. Akahamia upande mwingine, tk. Akanyamaza. Na wavu ulikuwa umevua msimu mmoja tu.

Sasa tusikilizane kwenye vipimo maana hapa ndo mnaponiudhi. Suuza kwa maji matupu, toa tope, magamba na majani yote, sabuni ya unga na jiki weka mbali. Anika KIVULINI, chini ya mti wenye kivuli kizito au barazani, na kwa upepo wetu huu wa Dodoma siku moja inatosha, ukiwa na wasiwasi weka mbili, ila usisahau kuugeuza mchana. Huna kivuli kabisa? Basi jua la asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, ukimaliza toa, na nikisema saa tatu sio saa tisa! Kabla hujakunja bana kwa vidole mafundo ya kwenye kamba ya chini yenye risasi, yaani vile vipande vizito vya kuzamisha wavu, huko ndiko kunakochelewa kukauka. Ukisikia ubaridi bado, acha.

Kunja kwa kulegeza, weka kwenye kiroba safi kinachopitisha hewa, usitumie mfuko wa plastiki unaofunga unyevu wala kiroba kilichokuwa na mbolea. Kiroba kining'inie ndani kwenye giza, sm 50 kutoka chini na sm 30 kutoka ukutani kwa ajili ya mchwa na panya, na kama nyumba ni ya bati kishuke mita moja chini ya bati, mchana pale juu ni oveni. Wenye tembe, hizi nyumba zetu za udongo za asili, mna bahati, mle ndani kuna giza na ubaridi hata kiangazi, sijui kwa nini mnalidharau. Ila msiweke chumba kimoja na mtama, panya wakifuata mtama wanatoboa na wavu, na zile risasi ni sumu hazitakiwi kukaa karibu na chakula. Mara moja kwa mwezi fungua uangalie.

Wenye timba, aina ya wavu uliopigwa marufuku, sisemi nao, ile ni haramu hata ukiihifadhi kwenye friji.

Ukinunua wavu mpya kata kipande cha ukubwa wa kiganja ufiche kabatini, msimu ukianza vuta uzi wa kipande na uzi wa wavu, vikikaza sawa umefanya vizuri.

Na mikuki, maana kuna mtoto nimemkuta na kidonda cha mguu kisa mkuki uliosimamishwa nyuma ya mlango. Maji yetu yana chumvi, kwa hiyo osha chuma, kausha, paka oili chafu ya pikipiki kwa kitambaa, kidogo tu, isiguse nyavu. Mafuta ya kupikia hapana, yanaita panya. Kata kipande cha ndala iliyokwisha, chomeka kwenye ncha, funga na mpira. Mkuki ulale kwenye misumari miwili, usiegemeshwe ukutani mpini ukapinda na kuliwa na mchwa, na misumari iwe juu kuliko kichwa chako, sio juu kuliko kichwa cha mtoto, maana watoto wanapanda ndoo.