Mkojo wa rangi ya chai usiulaze

Mdogo wangu uliyepangiwa zamu wodini, nakuandikia kwa sababu ya binti mmoja wa miaka 23. Alikuja amevimba miguu, mkojo kama chai ya rangi. Alikotoka walishampa dawa za UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, mara mbili. Kriatinini yake, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, ilikuwa mikromoli 180 kwa lita. Siku nane baadaye, 410. Figo ikiporomoka hivyo haingoji kliniki ya mwezi ujao.

Anza na mkojo. Kijiti kikionyesha damu na protini, chukua mkojo uliotoka sasa hivi, nenda nao maabara, uzungushwe kwenye mashine, kisha weka jicho lako mwenyewe kwenye darubini. Mkojo uliokaa muda mrefu hupoteza ushahidi. Unatafuta kasti za chembe nyekundu, yaani vijiti vifupi vilivyosheheni damu. Ukiviona, tatizo liko kwenye vichujio vya figo, si kibofu. Binti yule hakuna aliyekuwa amemfanyia hivyo, na inaniuma mpaka leo.

Siku hiyohiyo pima presha na potasiamu. Piga altrasaundi: figo zilizosinyaa huashiria ugonjwa wa siku nyingi. Tuma vipimo vya damu vya kuona kama kinga ya mwili inashambulia figo: ANA, anti-dsDNA, C3, C4, ANCA na anti-GBM, pamoja na VVU na homa ya ini B na C. Akikohoa damu, mpigie bingwa wa figo usiku uleule. Biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha figo kukichunguza, ipangwe, ila dalili zikiwa wazi tiba isisubiri majibu.

Kwa maelekezo ya bingwa, methiliprednisoloni miligramu 500 hadi 1,000 huingia kwa dripu kila siku kwa siku 3, kisha prednisoloni ya vidonge; zote ni steroidi. Huongezwa saiklofosfamidi au rituksimabu, dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Anti-GBM ikiwa ndiyo chanzo, plazima, yaani maji ya damu, nayo hubadilishwa. Kabla ya hapo chunguza TB na mpe ivamektini, maana steroidi zikikutana na minyoo ya strongiloidi, minyoo husambaa mwili mzima. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, marufuku.

Biopsi ya binti yule ilionyesha lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Aliuliza, “Dokta, nitazaa?” Mwambie mgonjwa ukweli kabla ya sindano: saiklofosfamidi huweza kuharibu mayai. Tulichagua dozi ndogo, miligramu 500 kila wiki mbili, mara sita. Alisafishwa damu mara nne. Kriatinini imeshuka hadi 130, na kila mwezi analeta mkojo asubuhi, bado wa moto.