Jinsi ya kuomba ukaguzi wa gari la zamani Nakuru na Kisumu, na kulipitisha kwenye kipimo cha moshi

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya (Sura 403) huhesabu umri wa gari tangu tarehe lilipotengenezwa. Gari la kibinafsi likishapita miaka 4, linapaswa kukaguliwa, na hakuna mstari unaosema kwamba likizeeka zaidi linaachiliwa. Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka tangu Mei 2018. California nayo haipimi moshi wa magari ya petroli ya 1975 kurudi nyuma. Hizo ni sheria za kwao. Datsun 1200 ya Nakuru inaingia foleni moja na Toyota Vitz ya juzi, na juu ya hapo kuna Kanuni za Ubora wa Hewa zinazogusa moshi wa magari.

Anza na karatasi kabla hujashika spana, kwa sababu gari zuri likiwa na karatasi mbovu litarudishwa tu. Fungua akaunti yako ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), ingia huduma za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), uangalie kama gari linaonekana chini ya jina lako. Magari mengi ya zamani huku magharibi bado yako kwa jina la mzee aliyefariki. Hapo huwezi kuomba kama mwenyewe. Kwanza familia ipate hati ya usimamizi wa mirathi kortini, kisha hati hiyo ithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida hungoja miezi 6 tangu itolewe. Ndipo umiliki uhamishwe. Ukiwa na logibuku ya karatasi ya miaka ile na gari halionekani kabisa kwenye mfumo, peleka logibuku halisi, kitambulisho na PIN ya KRA katika ofisi ya NTSA ili rekodi irekebishwe. Usilipie ukaguzi kabla hilo halijakamilika.

Kisha linganisha nambari ya chesi na ya injini na zilizo kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Safisha mahali penye nambari kwa mafuta ya taa na brashi, basi. Usipitishe grainda wala msasa mkali: nambari iliyokwaruzwa huonekana kama imechezewa, na hilo ni kosa zito kuliko moshi. Injini ikiwa imebadilishwa, na Peugeot 504 nyingi zimebadilishwa, omba mabadiliko ya maelezo ya gari kwanza, ukiwa na risiti ya ununuzi wa hiyo injini.

Sasa moshi wenyewe. Mkaguzi huangalia rangi kwa macho, na penye mashine huingiza mrija kwenye ekzosi. Moshi mweusi ni petroli iliyo nyingi mno kwa hewa inayoingia. Wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka tu unapowasha asubuhi au baada ya kuteremka mlima, shuku sili za valvu, ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda, na hapo gaskiti ya kichwa ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Makosa makubwa ya mafundi ni kukimbilia skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta ni ya mwisho. Anza na tapeti, yaani mwanya unaoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma: Datsun 1200 (injini ya A12) ni milimita 0.35 injini ikiwa moto; Peugeot 504 ya petroli ni 0.10 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutoa, ikiwa baridi. Beetle ni 0.15 kote, baridi kabisa, yaani iliyolala usiku mzima. Tapeti zinazojikaza zenyewe kila baada ya muda mfupi zina maana. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu vya chuma laini kwenye injini za kale. Viti vikiliwa, valvu inazama, haifungi vizuri, na petroli isiyoungua inatoka kwenye ekzosi. Dawa ya kudumu ni kuwekewa viti vigumu kwa fundi mwenye mashine ya vichwa vya injini.

Baada ya tapeti, pima mgandamizo wa kila silinda. Usishtuke kwamba namba ziko chini ya zile za kitabu, maana kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na Nakuru iko takriban mita 1,850 juu yake. Cha kutazama ni tofauti: silinda moja ikishuka zaidi ya asilimia 10 hadi 15 chini ya wenzake, skrubu ya kabureta haitaliponya gari hilo. Halafu kagua pointi za distributa, kigawa umeme wa plagi (mwanya wa milimita 0.45 hadi 0.55 kwa Datsun, 0.40 kwa Beetle), plagi mpya, nyaya za plagi na taimingi. Silinda inayokosa kuwaka hutupa petroli mbichi nje hata kabureta ikiwa safi.

Ndipo ufike kwenye kabureta. Kagua kama choki inafunguka hadi mwisho. Waya wake ukikwama kidogo tu, gari linakula petroli mchana kutwa. Badilisha filta ya hewa. Fungua bakuli la kabureta, osha uchafu, uhakikishe sindano inafunga petroli ili isipande kupita kiwango. Rekebisha mchanganyiko injini ikiwa moto, kwenye mji utakaokaguliwa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Eldoret karibu 2,100. Kabureta haijui mlima: hewa ikipungua, petroli inabaki karibu ile ile, kwa hiyo gari lililosetiwa vizuri Kisumu litatoa moshi mzito Nakuru na mzito zaidi Eldoret. Ukipata fundi mwenye mashine ya kupima gesi, lenga kaboni monoksaidi ya asilimia 2 hadi 3 gari likiwa limesimama na injini ikiwaka, kiwango cha busara kwa injini ya kabureta isiyo na kichujio cha ekzosi. Ziba pia matundu ya ekzosi, kwani hewa inayoingia humo hudanganya kipimo.

Gari likiwa tayari, rudi kwenye eCitizen, chagua ukaguzi wa gari, kituo (Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret vyote vipo) na tarehe. Ada huonekana kabla ya kulipa. Lipa kwa M-Pesa kupitia paybill ya serikali, 222222, kwa nambari ya malipo uliyopewa pale. Anayekuomba umtumie pesa kwa simu yake si karani. Chapisha risiti na fomu ya miadi.

Usisahau mengine: breki, taa zote, mikanda, tairi, vioo na pembetatu za dharura.

Siku yenyewe, endesha gari dakika 20 hivi kabla ya kufika. Foleni ikichelewa, injini ikiwaka tu bila kwenda hujaza plagi masizi. Izime, uiwashe zamu yako ikikaribia, uikanyage ifike kasi ya mizunguko 2,500 kwa kila dakika. Likifelishwa, omba kasoro ziandikwe kwenye karatasi moja baada ya nyingine, na mpe fundi karatasi hiyo badala ya kumsimulia, kisha uombe kukaguliwa tena kwa hizo kasoro.