Somo: Mnada wa fantasi ya besiboli, dola 260 na nafasi 23

Kila Machi napata ujumbe uleule: "Kaka, wenzangu kazini wamenialika kwenye ligi ya mnada, nifanyeje?" Mwaka huu naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Fantasi ni mchezo wa kuunda timu ya wachezaji halisi na kupata alama kwa wanavyocheza uwanjani; kwenye ligi ya mnada unawanunua kwa kushindana dau. Mliozoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, jueni tofauti moja: kule mchezaji mmoja anaweza kuwa kwenye timu zetu sote. Huku akishanunuliwa ni wa mtu mmoja tu ndani ya ligi.

1. Soma kanuni za ligi yako. Mimi naeleza ile ya kawaida: timu 12, kila moja dola 260, wapigaji 14 (wanaopiga mpira kwa gongo), warushaji 9 (wanaowarushia mpira), dau la chini dola 1.

2. Andaa orodha ya bei. Watanunuliwa wachezaji 276, na pesa zote mnadani ni dola 3,120. Bei za hao 276 zikijumlishwa zifike hapo hapo. Zikizidi, rekebisha.

3. Gawa pesa. Mimi hutenga kama 180 kwa wapigaji na 80 kwa warushaji, kwa sababu mrushaji akipasuliwa kiwiko, msimu wake umekwisha.

4. Jua kikomo cha dau lako: pesa ulizobaki nazo, toa nafasi zilizobaki, ongeza 1.

5. Usikae ukingoja bei ishuke. Hapa ndipo nilipoharibu mnada wangu wa kwanza. Nilikuwa na orodha nzuri, nikaishika kama msahafu. Nyota wa dola 35 akienda 38, naacha. Wa 30 akienda 33, naacha. Nilijiona mwenye nidhamu. Baada ya saa moja wenzangu walikuwa na wapigaji wanne watano wa maana, mimi nina mdakaji mmoja (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji) na dola 251. Kisha wazuri wakaisha. Nikaanza kutoa dola 19 kwa mtu wa 11, maana hakuna mwingine aliyebaki kwenye nafasi ile. Mnada ulifungwa nikiwa na dola 43 mkononi, na pesa hizo haziendi popote: hazinunui mchezaji, hazivuki mwaka.

Kwa hiyo zingatia haya. Orodha ni ya kukuongoza, bei halisi inapangwa na pesa zilizomo mnadani. Kila baada ya wachezaji 20 hivi, jumlisha pesa za timu zote, kisha jumlisha bei za orodha za wale watakaonunuliwa bado. Pesa zikiwa 1,000 na bei 900, basi kila aliyebaki ataenda juu kidogo: wa 20 atauzwa 22, na kumlipia 22 si hasara. Pia hakikisha umepata nyota wawili kabla theluthi ya kwanza haijaisha, hata kwa dola mbili tatu za ziada.

6. Zamu yako ya kutaja jina la mchezaji wa kunadiwa: mapema taja wachezaji ghali usiowahitaji, wenzako watoe pesa. Wako wa dola 1 wanyamazie hadi mwisho.

MASWALI

— Kaka, nimnunue nani mwaka huu?

Sijui ligi yako ina kanuni gani. Anza hatua ya 1.

— Nina dola 30 na nafasi 8. Naweza kuweka 25?

Hapana, mwisho wako ni 23. Hatua ya 4.

— Mbona mwaka jana uliniambia nisizidishe bei?

Nilikuambia usizidishe kwa warushaji, na bado nasema hivyo. Usiunganishe mambo mawili.

— Shikamoo kaka. Ligi yetu inaruhusu kubaki na wachezaji wa mwaka jana kwa bei yao ya zamani. Hesabu ya hatua ya 5 inabadilika?

Marahaba, mdogo wangu. Inabadilika sana, tena kabla mnada haujaanza. Tuseme waliobakizwa wanalipiwa dola 600, lakini thamani yao kwenye orodha ni 1,000. Pesa zilizobaki ni 2,520. Thamani iliyobaki ni 2,120. Gawanya: 1.19. Zidisha kila bei kwa hiyo, na mtu wa 30 anakuwa wa 36. Asiyefanya hesabu hii atadhani wenzake wamepagawa, naye atabaki na pesa kama mimi. Nitumie orodha ya waliobakizwa, tuifanye pamoja.

— Na wezi wa besi, wale wanaokimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe? Baba mwenye ligi anasema ndio wa kukimbilia.

Zamani ndiyo. Mwaka 2023 besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kujaribu kumnasa mkimbiaji. Wizi ukapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Elly De La Cruz aliiba 67 mwaka 2024. Anayeiba 25 bila kupiga homurani (mpira unaovuka uzio wa uwanja) si adimu tena, usimlipe bei ya zamani.

— Mimi huandika pesa za kila timu kwenye karatasi, simu huwa inanichanganya.

Vizuri dada. Tumia penseli, na weka pia safu ya nafasi zilizobaki. Ukiona wawili tu ndio bado hawana mdakaji, nawe umeshapata wako, acha kutaja wadakaji.