Kurudisha mtambo wa triga wa bastola ya 1911 baada ya usafi, na kuuhoji kabla hujauamini

Mteja aliniletea bastola ya marehemu babu yake ikiwa vipande vipande ndani ya kopo la aiskrimu. Harufu ya vanila na ya mafuta ya bunduki zilikuwa zimeshikana. Alikuwa ameifungua vizuri, na hata kuifunga aliifunga, mara tatu kwa hesabu yake, ila kila akikoki, yaani akivuta nyundo nyuma ili ishike, ilimtoroka na kurudi mbele. Akakata tamaa akamwaga kila kitu koponi. Tatizo lilikuwa kidole kimoja cha springi kilichokaa milimita mbili pembeni.

Nafanya kazi ya ufundi wa silaha huku Marekani, na Waswahili wenzangu wenye bastola hizi hunipigia simu kwa swali hilohilo, kwa hiyo naliandika mara moja. Ninayoieleza ni 1911 ya mtindo wa zamani, ile ya mbunifu wa silaha John Browning ambayo jeshi la Marekani liliipokea Machi 1911 na kuitumia kama bastola yake kuu hadi 1985. Kama yako ni Colt ya Series 80, iliyoanza 1983, ina vijiwiko viwili zaidi ndani ya fremu vya kuzuia pini ya kupigia. Hiyo usiifuate kwa maelezo haya. Na kama uko Kenya au Tanzania, unajua silaha yako ni ya leseni. Usafi ni wako, lakini kasoro utakayoigundua mpelekee fundi mwenye kibali, usiitibu kwa tupa nyumbani.

Kabla ya yote

Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, unajipakilia risasi mwenyewe. Tazama chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha ingiza ncha ya kidole uipapase, maana jicho lililochoka huona linachotaka kuona. Risasi zote ziende chumba kingine. Juu ya meza ya kazi isibaki hata moja.

Tandika kitambaa cheupe. Vipini hivi ni vidogo na vyeusi, na zulia likimeza kimoja, jioni yako imekwisha.

Hatua ya 1: kishikio na kitenganishi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, basi twende polepole. Kishikio ndicho kinachoizuia nyundo isianguke: ncha yake nyembamba inaingia kwenye vijino vya nyundo, na mshikano huo wote ni chini ya milimita moja. Kitenganishi ni kile kipande kirefu chenye kichwa cha mviringo juu na mguu bapa chini. Kazi yake ni kukata mawasiliano kati ya triga na kishikio slaidi inaporudi nyuma, ili mvuto mmoja wa triga utoe risasi moja tu.

Vishike pamoja kwa vidole viwili, kishikio kikiwa kimekipanda kitenganishi, miguu yake miwili ikining'inia huku na huku. Upande wa kitenganishi ulionyooka utazame mbele, kwenye triga. Ule wenye mteremko utazame nyuma. Vishushe ndani ya fremu kutokea nyuma hadi kichwa cha kitenganishi kichomoze kwenye tundu lake juu ya fremu. Sasa chungulia tundu la pini ubavuni. Ukiona mwanga upande wa pili bila kizuizi, vipande vyote viwili vimejipanga. Ukiona chuma, usilazimishe. Tikisa kidogo na ncha ya kijiti cha meno.

Pini inaingia kutoka kushoto kwenda kulia, kichwa chake kikibaki kushoto. Ikishaingia, sukuma kichwa cha kitenganishi kwa kidole: kinapaswa kuchezacheza juu na chini. Kama kimeganda, pini imepita nje ya uwazi wake. Itoe uanze tena.

Hatua ya 2: nyundo

Hii ni rahisi. Kijiti cha nyundo kining'inie nyuma, nyundo iingie mahali pake, pini yake nayo itoke kushoto. Tone moja la mafuta kwenye vijino, tone moja kwenye kila pini, basi. Mafuta mengi hukusanya uchafu uleule uliotoka kuutoa.

Hatua ya 3: springi ya vidole vitatu

Ile springi bapa iliyogawanyika juu kuwa vidole ndiyo iliyomshinda yule wa kopo la aiskrimu. Ukiitazama kutokea nyuma ya bastola, kidole cha kushoto kinakaa juu ya mguu wa kishikio. Cha katikati kinakaa kwenye mteremko wa kitenganishi. Cha kulia kinaisukuma sefti ya mpini, kile kibonyezo cha nyuma ya mpini kinachozuia triga usipokibana. Chini kabisa springi ina ulimi mdogo ambao lazima uingie kwenye mfereji wake ndani ya fremu. Ulimi usipoingia, springi nzima inahama, na kidole cha kushoto kinateleza pembeni ya kishikio badala ya kukikalia.

Mimi huikandamiza kwa kidole gumba cha kushoto na kulisukuma kasha la springi kuu (kile kipande cha nyuma ya mpini chenye springi ya nyundo) kutoka chini, kiasi cha kuibana tu springi isihame, nikiacha kama nusu sentimita kasha halijaingia lote. Kabla ya kuendelea nawasha tochi na kuhesabu vidole kwa macho: kushoto, kati, kulia. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nahesabu. Mara moja niliacha kuhesabu kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa, na nikalazimika kuifungua bastola yote upya mbele ya macho yake.

Hatua ya 4: sefti mbili

Ingiza sefti ya mpini, ukihakikisha kijiti cha nyundo kimebaki ndani, mbele yake. Kikibaki nje, kasha halitapanda, na wenye haraka huanza kutafuta nyundo ya seremala.

Sasa koki nyundo taratibu. Sefti ya kidole gumba, ile swichi ya ubavuni, haiingii nyundo ikiwa mbele. Itie kutokea kushoto, ikipita katikati ya sefti ya mpini. Itakwama mwishoni kwa sababu ya kile kipini chenye springi kinachochungulia kwenye bomba dogo ubavuni. Kirudishe ndani kwa bisibisi nyembamba huku unasukuma sefti, nayo itaingia kwa mlio.

Hatua ya 5: kasha la springi kuu

Ishushe nyundo kwanza. Bana sefti ya mpini, shika nyundo kwa kidole gumba, vuta triga, uisindikize mbele polepole. Usiiache ipige fremu. Slaidi haipo ya kuipokea, na pigo hilo linaumiza chuma.

Kijiti cha nyundo kikalie kikombe kidogo kilicho juu ya springi kuu, kisha bonyeza kasha hadi matundu ya pini yalingane. Ukiuegemeza mpini kwenye ukingo wa meza wenye kitambaa, unapata nguvu ya kutosha. Pini ikigoma, matundu hayajalingana.

Slaidi na mtutu unavijua, sitavieleza, ila neno moja: pini ya kizuizi cha slaidi ipandishe wima hadi mahali pake, usiiburute juu ya fremu. Ule mkwaruzo wa nusu duara chini ya tundu lake, kila fundi akiuona anajua mwenye bastola alikuwa na haraka.

Hatua ya 6: kuihoji

Bastola iliyofungika bado haijaaminika. Vipande vyote vinaweza kuingia na kubana vizuri, halafu ikakupigia risasi usiyoitaka. Kagua chemba tena, toa magazini, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu wala ukuta wenye mtu nyuma yake.

Anza na sefti ya kidole gumba. Browning hakuiweka mwanzoni. Wapanda farasi wa jeshi ndio walioitaka, askari aweze kuituliza silaha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika hatamu. Koki, pandisha sefti, bana mpini, vuta triga kwa nguvu. Nyundo isitikisike. Achia triga, shusha sefti. Nyundo ibaki palepale. Sasa inakuja sehemu ambayo wengi hawaijui: sogeza bastola karibu na sikio, mtutu ukitazama mbali na kichwa, na uvute nyundo nyuma kidogo sana kwa kidole. Ukisikia "tik" ndogo, kishikio kilisogea wakati sefti ilipokuwa imefungwa, kikajirudisha ulipoigusa nyundo. Sefti hiyo imelika. Haizuii, inachelewesha.

Kisha sefti ya mpini. Koki, shika bastola bila kuibana nyuma, vuta triga. Nyundo ikianguka, kidole cha kulia cha springi hakifanyi kazi au sefti yenyewe imechakaa.

Kitenganishi ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Koki, sukuma slaidi nyuma kama milimita sita na uishikilie hapo, vuta triga. Nyundo isianguke. Achia vyote. Halafu vuta triga nyundo ianguke, na usiiachie triga: huku umeibana hivyohivyo, vuta slaidi hadi mwisho na uirudishe. Nyundo lazima ibaki imekokiwa. Legeza triga polepole hadi usikie na kuhisi mlio wa kujirudi, kisha vuta tena. Sasa ndiyo ianguke. Nyundo ikiifuata slaidi mbele, simama hapo. Bastola ya namna hiyo inaweza kutoa risasi mbili au zaidi kwa mvuto mmoja, na inayofuata itatoka mtutu ukiwa umeshapanda juu.

Ngazi ya kati ya nyundo, ile nusu koki, ipime haraka: ipeleke hapo, vuta triga kwa kawaida, isianguke. Baadhi ya bastola za siku hizi zina ngazi ya mtindo mwingine ambayo huachia, hivyo jua yako ni ipi kabla hujaogopa.

Mwisho, penseli. Elekeza mtutu juu, dondosha ndani penseli yenye raba, raba ikitangulia, koki, vuta. Penseli ikiruka nje, pini ya kupigia iko hai. Watoto wangu hupenda hatua hii, nami huwafukuza chumbani.

Kama una mizani ya kuvutia triga, bastola za jeshi zilitakiwa kuwa kati ya ratili 5 na 6.5, yaani takriban kilo 2.3 hadi 3. Ukikuta ya kwako imeshuka ghafla kuliko kabla ya usafi, hukuilainisha. Kuna kitu hakijakaa, rudi hatua ya 3. Na vijino vya nyundo usivisugue na jiwe kutafuta wepesi.

Siku ya kwanza uwanjani, tia risasi moja tu kwenye magazini. Ikienda sawa, tia mbili, piga, sikiliza. Magazini inabeba saba, lakini kama mtambo una kasoro ambayo meza haikuionyesha, ni heri zitoke mbili.